Mteja anataka asilimia za weupe, weusi na Waasia kwa kila mtaa wa Tanga. Nimjibu nini?

Dalali wa Mjini

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba msaada. Wa kucheka chekeni kwanza mmalize, halafu mnisaidie.

Mimi ni dalali wa nyumba na fremu hapa Tanga mjini, mwaka wa kumi na moja huu. Wateja wameshaniuliza yote. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, mwenye nyumba anakaa humohumo au mbali, masika maji yanaingia ndani au yanaishia barazani, nyumba ina majini au haina. Hilo la majini msicheke, hapa ni Tanga, na wanaoniuliza wengine wana digrii mbili. Lakini wiki hii nimepewa swali limenikalisha kitako.

Mteja mwenyewe mtoto wa hapahapa, kazaliwa Makorora. Aliondoka kijana, yuko Chicago, Marekani, miaka zaidi ya ishirini. Anarudi na mke wake, Mmarekani mweusi, na watoto wawili. Wanataka nyumba ya kupanga mwaka mmoja, wakiipenda Tanga wanunue. Nikamtumia kwa wasapu picha za nyumba tatu: moja Raskazone, moja Chumbageni, moja Kange karibu na stendi. Yule mke akajibu kwa jedwali. Jedwali kabisa, la kompyuta, lenye mistari. Kushoto majina ya mitaa, na kaongeza mjini kati na Ngamiani. Juu kaandika: Weupe, Weusi, Waasia, Walatino, Mchanganyiko. Kila kisanduku nijaze asilimia. Mume akanirekodia sauti: "Kaka usimshangae, huku ukitafuta nyumba hicho ni kitu cha kwanza watu kuangalia mtandaoni, kila mtaa una namba zake."

Basi, kazi ni kazi. Nikachukua daftari na baiskeli.

Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, niliwamaliza dakika moja: sifuri, sifuri, sifuri. Weupe nao hawakunisumbua, ni wachache. Nikaanzia mjini kati, jengo la zamani la ghorofa moja karibu na soko, nimeshapangisha humo mara nne. Milango minane. Chini fremu nne: duka la vipuri la Mhindi, saluni ya dada wa Kichaga, wakala wa pesa za simu, na Mmanga, Mwarabu wa Oman, anayeuza sufuria na mabirika. Juu familia mbili za Kihindi, moja Ithnaasheri, moja Hindu. Mlango wa saba mwalimu wa Kisambaa. Mpaka hapo kalamu inakwenda vizuri.

Mlango wa nane anakaa bibi. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Mama yake Mdigo wa Mnyanjani. Baba yake Mshihiri, Mwarabu wa Yemen, aliyekuja na jahazi. Yeye kaolewa na Mngazija. Binti yake kaolewa na kijana ambaye baba Mbulushi, mama Mbondei. Wajukuu watano wamejilaza sakafuni wanatazama katuni, huyu nywele za singa, huyu kipilipili, na lugha waijuayo wote ni Kiswahili tu. Nikamuuliza, "Bibi, wewe nikuandike nani?"

"Niandike mtu wa Tanga."

Nikamwambia hicho kisanduku hakimo. Akanitazama kwa muda. "Kwani wewe unahesabu nini, kuku?"

Nikafunga daftari nikateremka ngazi.

Swali langu ndilo hilo. Hivi serikali ina takwimu za namna hii mahali popote, nikazichukue? Na nyie wazee wa humu, haya maneno ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunayoyatamka mpaka leo yalikuwa na mipaka ya kweli, au ni maneno tu? Kamisheni yangu inasubiri jibu.

Mgosi Mdogo

Mwandikie hivi: Tanga, waja leo waondoka leo. Kabla hajatua na ndege hesabu itakuwa imeshabadilika.

Karani wa Kishikwambi

Mkuu, takwimu hizo hazipo. Nasema kwa sababu 2022 nilikuwa karani wa sensa, nimezunguka Mabawa na kishikwambi mpaka kikaninyima usingizi. Tuliuliza umri, jinsia, elimu, ulemavu, uraia, shughuli, choo cha aina gani, paa la nini. Kabila hatukuuliza, rangi hatukuuliza, dini hatukuuliza. Kuna mzee alitaka kunilazimisha niandike kuwa yeye Msegeju. Nikamwonesha kioo, "Mzee, hakuna pa kuandika." Akasema basi sensa yenu haijakamilika.

Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchi hii ilikuwa ya 1967. Toka hapo ni makusudi, serikali haikutaka watu wajihesabu kwa makabila. Kwa hiyo unaweza kujua kuwa Jiji la Tanga sensa ya 2012 lilikuwa na watu 273,332, na ukitaka utapata mpaka idadi ya kila kata. Lakini ukitaka kujua Ngamiani Kati kuna Wadigo wangapi na Washihiri wangapi, rudi kwa yule bibi.

Mzee Barabara ya Tisa

Dalali, mwanangu, swali lako la pili nalichukua mimi. Nimezaliwa Ngamiani, Barabara ya Tisa, nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, na ninyi vijana mnayotamka kama mzaha sisi tumeyaishi.

Mpaka ulikuwepo, na mpaka wenyewe ni reli. Ukitoka bandarini unapanda mjini, kwenye mabenki na maduka ya mawe. Hapo ndipo palikuwa pa Wahindi, duka chini, nyumba juu. Ukifuata bahari kwenda mashariki unaipita hospitali ya Bombo iliyoanzishwa na Mjerumani, unaingia Raskazone, pa Wazungu: nyumba moja kiwanja kama cha mpira, miti mikubwa, upepo wa bure. Sasa geuka, uje stesheni, uvuke reli. Hapo ndipo sisi. Barabara zimepigwa rula, zikapewa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huko kwao walipeana majina ya watu wao. Huku kwetu, hata jina la kutupa hawakuwa nalo.

Vijana wanadhani palikuwa na ubao umeandikwa Mwafrika asiingie. Mimi ubao huo sikuuona. Ilikuwa sheria ya ujenzi. Mjerumani aliianza Dar es Salaam, Mwingereza akaiendeleza: mji umegawanywa kanda tatu, kanda ya kwanza ukijenga lazima nyumba iwe ya namna ya Kizungu, kanda ya tatu ruhusa miti na udongo na makuti. Wee mpagazi wa bandari utaitoa wapi nyumba ya namna ya Kizungu? Huna haja ya kuandika rangi ya mtu kama umeshaandika bei ya saruji. Shule ndizo zilizoandikwa wazi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila mtu na yake mpaka Januari 1962, mwezi uliofuata baada ya uhuru, ndipo zikaunganishwa.

Lakini hapa nataka nikukosoe, wewe na jedwali. Kwa mkoloni Ngamiani ilikuwa kisanduku kimoja, "wenyeji". Ndani yake haikuwa hivyo hata siku moja. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893. Mwaka uleule Mjerumani mmoja, Hindorf, akaagiza miche ya mkonge elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Miche 62 hiyo ndiyo iliyojaza mji huu watu, maana mkonge ulihitaji mikono, na watu wa hapa walikuwa na mashamba yao na bahari yao, hawakuona sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa ujira ule. Wakaletwa manamba, vibarua wa mikataba, kutoka Songea, Iringa, Tabora, Kigoma, mpaka Burundi na Msumbiji. Mikataba ikiisha wengine hawakurudi. Wapo waliobaki Pongwe na Amboni, wapo waliokuja kupanga chumba kwetu.

Nikupe nyumba yetu, ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati. Ukiingia kulia fundi cherehani Mngazija. Kushoto Mmanyema, mpishi wa meli. Viwili vya katikati vyetu, baba Mdigo mama Mbondei. Nyuma mama wa Kizigua, muuza vitumbua, na mkabala wake kijana wa Kinyamwezi aliyetoka mashamba ya mkonge. Hao wawili watani. Alfajiri kabla ya adhana wameshaanza, huyu anamwambia mwenzake akifa atamzika na mwiko, mgeni akipita anadhani wanataka kuuana. Kona ya barabara duka la Mmanga. Alilala humohumo dukani, na daftari lake la mikopo lilikuwa na majina ya barabara nzima, la baba yangu likiwa juu. Serikali ilimhesabu Mwarabu, haya. Alipokufa jeneza lake tulilibeba sisi, na mbele alikuwa yule Mmanyema.

Baada ya uhuru kanda zikabadilishwa majina. Siku hizi mipango miji wanasema ujazo mdogo, wa kati, ujazo mkubwa. Chukua ramani utazame ujazo mdogo uko wapi. Uko palepale. Waliohamia Raskazone walikuwa wakubwa wa serikali na mameneja wa mashirika, watu weusi kama mimi na wewe. Sasa huyo mke wa mteja ukimjazia "Weusi" asilimia tisini na kitu Raskazone, na tisini na kitu Mabawa, atadhani ni mitaa miwili inayofanana. Namba zitakuwa za kweli na zitampoteza.

Mvuvi wa Chongoleani

Na sisi je? Dalali unaijua Tanga ya katikati tu. Toka jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe huku 2017, nimesikia Kiswahili cha Bukoba, Kiganda, Kifaransa na Kichina kabla sijamaliza kuparua samaki. Bomba lina kilomita 1,443 toka Hoima, na nahisi kila kilomita imeleta mtu wake mmoja. Zamani mgeni kwetu alikuwa Mpemba.

Tofali Moja

Mzee umeeleza vizuri lakini umewasamehe Wahindi. Mpaka leo wanakaa majengo yaleyale, hawaoani na sisi, hawaji misibani. Hao wamejitenga wenyewe. Dalali muandikie hivyo huyo mama.

Binti Mtaa wa Soko

Tofali Moja, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi, kaa hapa nikueleze.

Mimi Bohora. Nimezaliwa juu ya duka la babu, mjini kati. Nyumbani Kigujarati, ngazini Kiswahili, na mpaka kesho nikigombana nagombana kwa Kiswahili, kwa sababu Kigujarati changu hakina matusi ya kutosha. Mwaka 1971, mwezi wa nne, nilikuwa na miaka sita. Ilitoka sheria, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakawa ya serikali. Jengo la babu lilikuwa na ghorofa, fremu nne na wapangaji. Hatukufukuzwa. Tulibaki vyumba vilevile, vitanda vilevile, ila mwisho wa mwezi babu akaanza kulipa kodi ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nakumbuka alikuwa anaweka risiti kwenye kopo la biskuti, na kila akiweka moja anazihesabu zote upya.

Ami zangu watatu wakaondoka, wawili Kanada, mmoja Uingereza. Na hawakuwa wao tu. Darasani kwetu palikuwa na madawati, halafu pakawa na nafasi. Kila Jumatatu unauliza fulani yuko wapi, unaambiwa wamesafiri. Kwa hiyo hao unaowaona leo "majengo yaleyale" si wale. Ni mabaki. Ngazi yetu zilikuwa familia sita za Kihindi, leo tumebaki mbili, na nyingine ni Wapare, Waarabu na kijana mmoja wa benki kutoka Mbeya ambaye ananiita mama na ananikopa sukari.

Kuoana, kweli, hatuoani kirahisi. Hilo ni ugomvi wa nyumbani kwetu na sitausema hapa kama haupo. Binti wa dada yangu alimleta kijana wa Kisegeju, ilichukua miaka minne mpaka watu wakae meza moja. Sasa hivi wana mapacha na ugomvi umehamia kwenye majina. Ila misibani tunakuja, baba. Na Ramadhani bakuli za futari zinapanda na kushuka ngazi ile mpaka huwezi kujua kababu imetoka mlango gani. Mwaka jana nilipeleka tambi kwa jirani, zikanirudia siku ya pili kutoka ghorofa ya chini kwenye bakuli langu mwenyewe.

La kuchekesha ni hili. Mwanangu yuko Toronto. Huko nako wana visanduku. Ananiambia anatiwa kwenye cha watu wa Asia ya Kusini, basi, pamoja na watu wa Lahore na Colombo ambao hawajui bajia za kunde ni nini. Anakaa humo peke yake anatamani muhogo wa nazi. Dalali, kaka yangu, yule bibi wa mlango wa nane namfahamu kwa maelezo yako tu. Mpelekee salamu zangu.

Tofali Moja

Mama nimenyamaza. Ila mimi sijawahi kuletewa hiyo kababu.

Binti Mtaa wa Soko

Hujawahi kupanda ngazi.

Mtoto wa Mabawa, Chicago

Wakuu, huyo mteja si mimi, ila nakaa mji huohuo mwaka wa kumi na nne sasa, Rogers Park, kaskazini kabisa. Ngoja nimtetee huyo dada kabla hamjamfanya kichekesho.

Marekani wamehesabu watu kwa rangi toka sensa yao ya kwanza, 1790, enzi za utumwa, na hawajaacha. Chicago imegawanywa maeneo 77, na kwa kila moja mtu yeyote anaweza kufungua mtandao akaona asilimia. Sensa ya 2020 jiji lilikuwa na watu 2,746,388. Kwa jumla ni mafungu matatu yanayokaribiana, weupe theluthi hivi, Walatino na weusi kila kundi karibu asilimia thelathini, Waasia kama saba. Ukisikia hivyo utasema mchanganyiko safi. Sasa panda treni ya njia nyekundu ukitokea Howard, karibu na kwangu. Behewa limejaa kila aina. Ukisogea kusini weupe wanazidi, mpaka katikati ya mji. Pale wanateremka. Kutoka hapo mpaka mwisho wa njia, kituo cha 95, behewa ni letu sisi weusi peke yetu, na hakuna aliyetangaza wala kondakta aliyesema neno. Mara ya kwanza nilidhani nimepitiwa na kituo.

Hiyo haikuja yenyewe. Miaka ya 1930 walichora ramani za mikopo ya nyumba, mitaa ya weusi wakaipaka nyekundu, maana yake benki usikopeshe hapo. Hati za viwanja zikaandikwa wazi usimuuzie mweusi, mpaka Mahakama ya Juu yao ikasema 1948 kuwa masharti hayo hayatekelezwi. Martin Luther King alihamia hapa 1966, akapanga nyumba North Lawndale ili apiganie jambo hilohilo, na alipoandamana kwenye mtaa wa weupe wa kusini-magharibi akapigwa jiwe la kichwa. Sheria ya makazi ikasainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwake.

Na hapa, Dalali, kaa vizuri. Sheria hiyo inamkataza dalali kumwelekeza mteja mtaa huu au ule kwa sababu ya rangi. Mtu akiuliza "mtaa huu wana asilimia ngapi weusi", dalali aliyefunzwa kazi yake hajibu. Atamwambia tafuta mwenyewe mtandaoni, mimi naongelea vyumba na bei. Akijibu ovyo anaweza kushtakiwa na leseni ikaondoka. Kwa hiyo wewe hapo Tanga unaombwa kazi ambayo dalali wa Chicago anaiogopa.

Lakini usimjibu hivyo, utamuumiza. Mtu mweusi huku anapouliza asilimia mara nyingi haulizi asilimia. Anauliza, mwanangu atakuwa peke yake darasani? Polisi watamsimamisha akiwa anaendesha baiskeli mtaani kwake? Jirani atafungua mlango au atafunga? Sisi tuliokulia Mabawa hatukuwa na haja ya kuuliza, kwa hiyo swali lenyewe tunalisikia kama uchizi. Mke wangu ni wa huku, nimejifunza kwa kununiwa.

Pembeni tu: Mama wa Mtaa wa Soko, barabara ya Devon hapa kwetu ni Wahindi na Wapakistani mwanzo mwisho, nanunua huko unga wa dengu na maembe. Nikiongea Kiswahili na mzee mmoja wa duka la viungo, ananijibu. Kazaliwa Moshi. Nikipita pale dukani kwake wateja wengine wanatushangaa sote wawili.

Mzee Barabara ya Tisa

Mtoto wa Mabawa, hapo kwenye treni umenirudisha mbali. Sisi mabehewa yenyewe yalikuwa na madaraja, la kwanza, la pili, la tatu. Tiketi haikuandikwa rangi. Ungeweza kukisia daraja la mtu kabla hajatoa tiketi, na hukosei.

Dalali wa Mjini

Shikamooni wazee, na asanteni wote. Nimesoma usiku mzima, nikasoma tena asubuhi nikiwa nasubiri mwenye nyumba wa Chumbageni ambaye hakutokea.

Kabla sijawaambia nilichojibu, niseme kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiuliza. Sisi madalali visanduku tunavyo, ila vimo kichwani. Mwenye nyumba ananipigia, "Nitafutie mpangaji Mhindi, hawaharibu." Mwingine, "Usiniletee watu wa kabila fulani, wana wageni wengi." Mwingine anataka wa dini yake tu, na ananiambia kwa upole kabisa, kama anaagiza chai isiyo na sukari. Na mimi nimetii. Miaka kumi na moja nimetii, nikimwambia mteja "nyumba imeshachukuliwa" huku funguo ziko mfukoni. Mtoto wa Mabawa aliposema huko dalali anashtakiwa, nilishika mfuko.

Basi nilifuta safu zote za asilimia kwenye jedwali, nikabakisha majina ya mitaa, nikamwandikia yule dada kwa maneno, mume amtafsirie. Raskazone: nyumba kubwa, wapangaji wake wenye vyeo na wageni wachache, upepo mzuri, lakini watoto wako nje ya geti hawatamkuta mtu wa kucheza naye, watacheza na mlinzi. Mjini kati: ngazi moja ina dini tatu, watoto watajifunza kusalimia kwa namna nne, kelele za pikipiki mpaka saa tano usiku, maegesho hakuna. Ngamiani: kila mtu atajua mmekula nini, na mkiumwa hamtaumwa peke yenu. Kange: wote wageni, nyumba mpya, kila mtu katoka mkoa wake, usafiri rahisi, vumbi. Chumbageni nikaandika katikati ya haya yote, kwa sababu ndivyo nionavyo, na pia kwa sababu ndipo nyumba yangu ilipo wazi. Mwisho nikaongeza: watoto wako hakuna darasa la Tanga watakalokuwa peke yao kwa rangi. Kwa lugha, ndiyo, miezi mitatu ya kwanza, halafu hutaweza kuwanyamazisha.

Nikamweleza pia habari ya bibi wa mlango wa nane, na kuku.

Jibu limekuja leo mchana. Kaandika mwenyewe, Kiswahili cha kuokoteza: bibi anakaa karibu na Chumbageni? Halafu akauliza, simtanki ina lita ngapi, na kama umeme ukikatika pampu inafanyaje.

Sasa yule mwenye nyumba wa Chumbageni hapokei simu. Mwenye nyumba nyingine maeneo hayo, vyumba vitatu, simtanki isiwe chini ya lita elfu mbili, geti la kuingiza gari, anitumie ujumbe. Na aniambie mapema kama ana masharti ya mpangaji awe nani, ili nimruke.